Uliza Kocha: "Binti yangu anaruka vifusi na baiskeli. Kuna maisha huko?"

Shikamoo Kocha. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge sokoni hapa Morogoro. Binti yangu wa kati ana miaka 11. Mjomba wake alimletea baiskeli ndogo ya mtumba, ile ya magurudumu mafupi na usukani ulioinuka, na tangu siku hiyo hatulii. Jirani anajenga, basi vifusi vya udongo na kokoto vimegeuka uwanja wake: anapanda, anaruka, anaanguka, anarudi tena. Amenionyesha kwenye simu wasichana wa Ulaya wanaoshindana hivyo, akaniambia, "Mama, mimi nitakuwa kama huyu Beth." Bibi yake anasema mtoto wa kike ataharibika. Baba yake hajamkataza, ila ameniuliza kama hiyo ni kazi ya kumlisha mtu au ni mchezo wa kumvunja shingo. Huku kwetu uwanja wa namna hiyo hakuna. Nimjibu nini mwanangu, na nimjibu nini mume wangu?
Mama Mrukaji, Morogoro

Marahaba, mama. Swali la mumeo ni swali la baba anayempenda mtoto wake, kwa hiyo nitalijibu kwa ukweli, hata pale ambapo ukweli si mtamu. Binti naye amenirahisishia kazi kwa kumchagua huyo Beth. Mchezo wenyewe unaitwa BMX, mbio za baiskeli ndogo kwenye njia ya vilima na kona. Nimemfuatilia dada huyo kwa miaka, na maisha yake yamebeba majibu ya karibu kila kitu ulichoandika.

Jina lake kamili ni Bethany Shriever. Alizaliwa Aprili 1999 Leytonstone, mashariki mwa London, akakulia kijijini katika jimbo la Essex. Alianza mbio hizi utotoni kwenye klabu ya mji wa Braintree, mzazi akiwa dereva, mzazi akiwa fundi, mzazi akiwa mshangiliaji. Mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa vijana, Rock Hill, Marekani. Ungedhani baada ya hapo milango yote ilifunguka.

Haikufunguka. Baada ya Olimpiki ya Rio ya 2016, UK Sport, chombo kinachogawa fedha za michezo Uingereza, kilipanga fedha za BMX kwa ajili ya Tokyo ziende kwa wanaume peke yao. Msichana ambaye ni bingwa wa dunia wa vijana akabaki hana fungu. Akarudi nyumbani kwa wazazi Essex, akafanya mazoezi huko, na ili apate nauli na vipuri akaajiriwa kazi ya muda, msaidizi wa mwalimu kwenye chekechea. Asubuhi anafunga kamba za viatu vya watoto wa miaka mitatu na minne, jioni yuko kwenye vyuma na kwenye njia ya mazoezi. Ili mtu afuzu Olimpiki lazima azunguke duniani akikusanya pointi, na kila safari ni tiketi, hoteli na ada ya kusafirisha baiskeli. Mwaka 2019 akaomba watu wamchangie mtandaoni, lengo likiwa pauni 50,000. Kwa lugha yetu, alifanya harambee. Baadaye ndipo shirikisho la baiskeli la nchi yake likamchukua kwenye programu yake na akahamia Manchester.

Mwambie mumeo hivi: bingwa huyu wa dunia wa vijana aliishi miaka miwili mitatu akilishwa na kazi ya chekechea na wazazi wake. Katika mchezo huu mshahara, ukija, huja umechelewa, na sehemu yake kubwa hutoka kwenye ruzuku ya taifa na kwa wadhamini. Zawadi za mashindano hazitoshi kujengea nyumba. Mtu asikudanganye kwamba baiskeli itamtoa binti yako kimaisha kesho. Lakini Beth hakuwa na mtu aliyemwahidi kitu, na hakuacha.

Nikueleze mbio zenyewe, maana najua unaziona kwenye simu zikipita upesi hata hujui nani kashinda. Wanaosimama ni wanane, juu ya mlima wa kuanzia ambao kwa wakubwa una kimo cha mita 8, ghorofa mbili na zaidi. Mbele yao kuna geti la chuma, na gurudumu la mbele limeegemea geti hilo. Hakuna mguu chini: wamesimama juu ya pedali, mizani mitupu. Sauti iliyorekodiwa inawaambia wajiandae, halafu kinakuja kimya ambacho urefu wake unabadilika kila mara ili asiwepo wa kukisia, kinaweza kuwa sehemu ya kumi ya sekunde au karibu sekunde tatu. Taa na mlio, geti linaanguka, wanashuka. Chini ya mlima huo wanakaribia kilomita 60 kwa saa, na hapo hapo mruko wa kwanza unawasubiri. Njia nzima ni mita 300 hadi 400 na kona kama tatu zilizoinuliwa ukingo. Sekunde 35 au 45, wamemaliza.

Kinachoniuma na kunifurahisha kwa pamoja ni kwamba mbio hizi huamuliwa karibu zote kabla ya kona ya kwanza. Anayetangulia kuingia pale anachagua mstari wake, wengine saba wanagombania mabaki. Ndiyo maana wakimbiaji hawa hutumia miaka kufanyia kazi jambo dogo kuliko yote: pedali mbili tatu za mwanzo. Kuchuchumaa na kuinuka na chuma kizito mabegani (squat), mbio fupi za kufa na kupona, kurudia geti, kurudia geti.

Tarehe 30 Julai 2021, Tokyo. Kwa saa zetu ilikuwa ni mapambazuko, nami nilikuwa macho. Dakika chache kabla, kijana Kye Whyte wa Peckham, kusini mwa London, alikuwa amechukua medali ya fedha, ya kwanza kabisa ya Uingereza katika BMX kwenye Olimpiki. Akabaki ukingoni kumsubiri mwenzake. Kwenye geti la wanawake alikuwepo Mariana Pajón wa Colombia, malkia wa mchezo huu, dhahabu ya London 2012, dhahabu ya Rio 2016. Geti likaanguka na Beth akatoka wa kwanza. Kona ya kwanza, yeye. Kona ya pili, yeye, na nyuma yake Pajón anakula umbali kidogo kidogo, kilima baada ya kilima. Mstari wa mwisho wakaupita: Beth sekunde 44.358, Pajón 44.448. Sekunde 0.09! Huwezi hata kupepesa jicho. Beth akaanguka chini, miguu imekaza hawezi kusimama, na Whyte akaja mbio akamnyanyua juu mikononi. Yule ambaye fungu la fedha lilikuwa linamhusu, akambeba yule ambaye fungu halikumhusu. Nimeiangalia picha ile mara nyingi na bado inanigusa.

Mwezi uliofuata akachukua ubingwa wa dunia wa wakubwa, Uholanzi. Mwaka 2023 akauchukua tena, Glasgow.

Sasa Paris, 2024, na hapa ndipo ningependa binti akae karibu umsomee. Miezi michache kabla, Beth alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Akapona, akaenda, akashinda kila mbio ya robo fainali na nusu fainali. Kila mmoja akasema dhahabu ni yake. Fainali geti likaanguka, mwanzo ukamwendea vibaya, akamaliza wa nane kati ya wanane. Wa mwisho. Hakuna baiskeli iliyoharibika, hakuna aliyemsukuma. Mchezo wa sekunde arobaini haukupi nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2025 akarudi akawa bingwa wa dunia mara ya tatu, Copenhagen. Binti yako akitaka kuwa kama Beth, basi ajue kwamba kuwa kama Beth ni pamoja na ile siku ya Paris.

Na huyo Pajón aliyeachwa kwa sekunde 0.09 nisimpite juu juu, kwa sababu kwetu sisi ana maana ya pekee. Ametoka Medellín, mji wa milima katika nchi isiyo tajiri kama Uingereza. Alianza akiwa mtoto mdogo sana akishindana na wavulana kwa kuwa wasichana wa rika lake hawakuwepo wa kutosha. Mwaka 2018 goti lake lilichanika kano, Uholanzi, na wengi wakamhesabu ameisha. Miaka mitatu baadaye ndiyo ile medali ya fedha ya Tokyo. Medellín leo ina uwanja wa BMX unaoitwa kwa jina lake, na mwaka 2016 mashindano ya dunia yalifanyika papo hapo na akayashinda mbele ya watu wake.

Kuhusu shingo kuvunjika, mama, sitakuficha. Mchezo huu una hatari. Februari 2020, mjini Bathurst, Australia, kijana Kai Sakakibara alianguka kwenye Kombe la Dunia akaumia ubongo, akalala hajitambui kwa wiki nyingi, kisha akaanza upya kujifunza kutembea na kuongea. Mdogo wake wa kike, Saya, alikuwa mkimbiaji pia. Akaenda Tokyo akibeba ndoto ya wote wawili, akaanguka kwenye nusu fainali. Siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, Connor Fields wa Marekani, bingwa wa Rio, alianguka akavuja damu kwenye ubongo. Alipona, lakini mbio zake ziliishia pale. Saya alifikiria kuacha. Hakuacha, na Paris 2024 ndiye aliyechukua dhahabu ile iliyomponyoka Beth. Ninakupa pande zote mbili kwa sababu mzazi ana haki ya kuziona zote.

Ila walioumia hivyo waliumia kwenye mlima wa mita 8 wakiwa wanane bega kwa bega. Mtoto wa miaka 11 hata kwenye nchi zenye viwanja haruhusiwi huko. Anaanza kwenye vilima vifupi na mlima mdogo wa kuanzia. Hatari ya binti yako kwa sasa ni ya aina nyingine kabisa, na iko kwenye hivyo vifusi vya jirani: misumari, vipande vya nondo, na chupa zilizovunjika. Hiyo ndiyo inayonitisha mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwondoe kwenye kifusi cha ujenzi. Mwombe jirani au dereva wa lori la mchanga akubwagie udongo mwekundu usio na mawe, toroli kadhaa zinatosha. Mtafutie sehemu tambarare ya hatua kama thelathini. Mjenge vituta vitatu tu, kimo cha goti lake, viwe na mgongo laini wa mviringo, na kati ya kimoja na kingine nafasi ya baiskeli moja na nusu hivi. Mwagieni maji, shindilieni kwa kopo la rangi lililojazwa zege, acheni kikauke, rudieni. Huku mjini Moshi, kwa watoto ninaowafundisha, tumejenga hivyo kwa majembe na wazazi wa kujitolea, na mvua za masika zikibomoa tunajenga tena.

Kisha mpe kazi hii: avuke vituta vyote bila kupiga pedali hata mara moja. Anaposhuka anasukuma usukani na miguu kuelekea chini, anapopanda anavuta na kukunja magoti, sawasawa na mtoto anayejiongezea mwendo kwenye bembea bila kusukumwa na mtu. Akiweza kupata mwendo kwa mwili wake tu, amepata moyo wa BMX. Kuruka kutakuja kwenyewe, na kutakuja salama.

Geti halipo? Tumia ukuta. Gurudumu la mbele liguse ukuta, asimame juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, ahesabu anavyoweza kukaa bila kuweka mguu chini. Siku akifikisha nusu dakika, mtoe ukutani, mdogo wake akae nyuma asikomuona na apige makofi wakati wowote anaotaka. Makofi yakilia, anatoka. Ndilo zoezi lile lile la mabingwa, tofauti ni vyuma na taa.

Vifaa. Helmeti kwanza, kabla ya kitu chochote. Za mtumba ziko sokoni, lakini igeuze uangalie lile povu la ndani: likiwa na ufa hata mwembamba, iache, imeshatumika kwenye ajali ya mtu mwingine. Ikae usawa wa paji la uso na isicheze akitikisa kichwa. Glovu, suruali ndefu, mikono mirefu, viatu vilivyofungwa, kamba za viatu zimechomekwa ndani. Mpelekee fundi baiskeli akague mambo haya: breki ya nyuma inashika, mnyororo haulegei, nati za magurudumu zimekaza, na ncha za usukani zimezibwa. Hilo la mwisho watu hulidharau. Bomba lililo wazi mtoto akiliangukia kwa tumbo linaweza kumpasua bandama. Kizibo cha plastiki, au hata kizibo cha mti kilichochongwa na kugongewa ndani, kinaokoa maisha.

Bibi yake mpe heshima zake zote, na umwambie kwa upole kwamba ninaijua hofu yake hata kama hukuiandika. Baiskeli haimwondolei msichana uzazi wala utu wake. Wapo mabingwa wa mchezo huu walioolewa na wenye watoto. Mwalike aje akae kivulini siku moja amtazame mjukuu wake akivuka vituta vitatu bila pedali. Nimewaona mabibi wakibadilika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kuhusu uwanja wa kweli, ulio karibu nasi ninaoupenda uko Rwanda, Bugesera, kwenye kituo cha baiskeli cha Field of Dreams, ambako watoto wana njia ya vituta vilivyofuatana kama mawimbi ya kujifunzia. Afrika Kusini wana historia ndefu zaidi: mashindano ya dunia ya 2010 yalifanyika Pietermaritzburg, na Sifiso Nhlapo aliiwakilisha nchi hiyo kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, ambayo ndiyo ya kwanza kuwa na BMX, na London 2012. Barabara ipo, hata kama bado ni nyembamba.

Mume wangu angeniuliza swali kama la mumeo, ningemjibu hivi: tumpe mtoto miaka mitano ya kucheza, shule ikiwa mbele, nasi tusiweke matumaini ya fedha mgongoni mwake. Akifika 16 bado anaamka mwenyewe kwenda mazoezini bila kuitwa, tutakaa tena kuzungumza, na wakati huo mniandikie.


Habari Kocha. Nina miaka 19, niko Nakuru. Nina baiskeli ya mlimani yenye gia 21 na ningependa kuingia BMX. Naweza kuanza nayo? Na je, nimechelewa?
Kijana wa Nakuru

Kuanza kujifunza mwili wako kwenye vituta, anza nayo leo. Kushindana nayo, hapana. Baiskeli ya mbio za BMX ina magurudumu ya inchi 20, gia moja, breki moja ya nyuma, na haina springi popote, kwa sababu springi humeza nguvu unayoitaka geti linapoanguka. Kuna daraja la inchi 24 pia, ambalo watu warefu na watu wazima hulipenda.

Umri: mabingwa wengi wa wakubwa walianza wakiwa watoto, sitakupamba. Lakini mashindano ya BMX yana madaraja ya umri hadi ya watu wazima kabisa, na ujuzi huhama kati ya baiskeli na baiskeli. Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa aliendesha BMX utotoni, akahamia mbio za kushuka milima ambako alitawala dunia kwa miaka, kisha akarudi BMX na kuchukua dhahabu ya kwanza ya wanawake Beijing 2008. Alikuwa na miaka 30. Wewe una baiskeli ya mlimani na una Bonde la Ufa lenye miteremko ya kila namna. Jifunze kushuka vizuri, jenga miguu, na tafuta fremu ya inchi 20 polepole bila kukopa.


Kocha, kwa nini wale waendeshaji wa BMX hawakai kwenye siti? Siti imewekwa ya nini?
Msomaji, Kigoma

Ukikaa, kila kilima kinakupiga mgongoni na huwezi kuisukuma baiskeli chini wala kuivuta juu. Wanasimama tangu geti hadi mstari wa mwisho, magoti na viwiko vikifanya kazi ya springi. Siti huwa chini kabisa isiwakwaze, na huwasaidia kubana baiskeli kwa mapaja inapoyumba hewani au kwenye kona. Ukienda kwa fundi, mwambie aishushe hadi mwisho na aikaze.